Kimoyo Chekundu cha Cate

Asubuhi ile ya Alhamisi Jepkemei alikuwa amepima maziwa ya mkulima wa mwisho. Alivua glavu na kuketi kwenye benchi nje ya kituo cha maziwa cha Njoro, aote jua kidogo kabla ya kuosha vyombo. Hapo ndipo dada yake Chepkosgei alipomtumia picha kwenye simu.

Ilikuwa picha ambayo Jepkemei mwenyewe aliiweka Facebook wiki iliyotangulia: yeye na Mathenge, bega kwa bega mbele ya nyumba ya baba yake, siku watu wa Mathenge walipokuja kujitambulisha. Zaidi ya watu mia mbili walikuwa wameipenda. Kati ya majina yote hayo Chepkosgei alikuwa amelizungushia duara jina moja, Cate Nyambura. Huyo alikuwa ameweka kimoyo chekundu. Ukafuata ujumbe mfupi: Mfungue huyu uone.

Jepkemei alimfungua. Akakutana na msichana mzuri, mweupe kiasi, mwenye mwanya na vishimo mashavuni, aina ya sura ambayo ukiitazama mara moja unarudi kuitazama tena. Kila asubuhi Cate alikuwa akiposti picha za maua ya waridi zilizoandikwa Barikiwa. Kando ya jina lake kiliwaka kile kidoa cha kijani kinachosema mtu yuko onlaini.

Angeishia hapo pengine moyo ungetulia. Lakini alirudi kwenye ukurasa wa Mathenge akaanza kushuka, picha baada ya picha, mwaka baada ya mwaka. Mathenge akichomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria, Mathenge na ng'ombe wa mama yake Subukia, Mathenge na bandeji mguuni. Kila mahali Cate alikuwa amefika kabla yake, akaacha kimoyo chekundu. Kisha kwenye picha ya zamani ya Cate, akiwa na gauni la njano, alikuta maneno ya Mathenge mwenyewe: Siwezi kukusahau. Aliyaandika Februari mwaka huo. Februari hiyo hiyo Mathenge alikuwa amemshika Jepkemei mikono yote miwili kwenye ukingo wa kreta ya Menengai na kumwambia kwamba anataka kuzeeka naye.

Jepkemei alimpigia dada yake.

Chepkosgei hakuwahi kumtaka Mathenge. Tangu mwanzo alikuwa akiwaambia wazazi kwamba mtoto wao wa mwisho aolewe karibu, na mtu ambaye watu wake wanajulikana hadi kwa babu, si fundi wa mabomba kutoka ng'ambo ya Nakuru ambaye hata lugha ya mama mkwe wake hajui. Sasa alikuwa amepata pa kushika. Alimkumbusha Jepkemei kwamba watu wa Mathenge wangerudi Jumamosi ya wiki iliyofuata, na safari hiyo ingekuwa ya kuelewana mambo ya ndoa. Baba yao, Mzee Kimaiyo, asiletewe aibu mbele ya ukoo.

"Usipomwambia baba wewe, nitamwambia mimi," alisema. "Nakupa hadi Jumapili."

Jumapili Mathenge alipanda kutoka Naivasha, alikokuwa akiishi kwa sababu ya kazi, kama kawaida yake, wakakutana kwenye hoteli yao ya chai mjini Nakuru, ile ya ghorofani yenye madirisha mapana. Alikuwa amevaa shati la samawati ambalo Jepkemei alimchagulia. Alikuja akitabasamu, akavuta kiti karibu na cha mpenzi wake, akaweka simu mezani. Kioo cha simu kilitazama chini. Huenda siku zote alikuwa akiiweka hivyo, lakini Jepkemei aliliona jambo hilo siku hiyo, na likamchoma.

Alingoja chai imiminwe.

"Cate ni nani?" aliuliza.

Tabasamu la Mathenge lilipotea. Alikishika kikombe bila kukiinua, akatazama nje dirishani, akawa mtu ambaye Jepkemei hamjui.

"Ni mtu wa zamani," alijibu.

"Wa zamani gani, na leo asubuhi alikuwa onlaini?"

"Jep, naomba usiniulize hilo leo."

"Nikuulize lini? Tukishaoana?"

Mathenge aliapa kwamba hakuna mwanamke mwingine. Alisema hivyo mara mbili, kwa sauti ya chini, na jambo la ajabu ni kwamba macho yake hayakuwa macho ya mtu mwongo. Yalikuwa ya mtu anayeogopa. Hilo lilimuudhi Jepkemei zaidi. Alimwambia kama ni hivyo, basi aichukue simu yake, amwondoe huyo Cate, amfungie kabisa, pale pale mezani huku anamwona.

Mathenge aliichukua simu. Aliifungua, kidole kikasimama juu ya kioo. Kisha akairudisha mezani.

"Siwezi," alisema.

Jepkemei aliinuka akachukua mkoba wake. Alishuka ngazi akitumaini kusikia viatu vya Mathenge nyuma yake, na alipofika chini bila kuvisikia, ndipo machozi yalipomtoka.

Siku mbili zilizofuata hakuwa mtu. Alikuwa akifungua simu kila baada ya dakika chache kutazama kile kidoa cha kijani. Mathenge akiingia mtandaoni, anakimbilia kwa Cate kuona kama naye ameingia. Wakionekana wote kwa wakati mmoja anawaona akilini mwake wakiandikiana, wakicheka pamoja, wakimcheka yeye na picha yake ya mbele ya nyumba ya baba. Alizikuza picha za Cate hadi akaanza kuzijua nywele zake, kucha zake, mkufu wake mdogo. Alisimama mbele ya kioo akajilinganisha naye, kipande kwa kipande, na kila mara Cate alishinda. Jumatatu kazini alipitisha debe la maziwa yaliyokwisha kuharibika, akakaribia kuyamwaga kwenye tangi pamoja na mazuri, hadi msimamizi akamshika mkono na kumuuliza kama ni mgonjwa.

Alimwomba Chepkosgei amwongezee siku, hadi Alhamisi, na dada yake akakubali kwa shingo upande. Jioni hiyo akamwandikia Cate. Aliandika na kufuta mara nyingi, mwishowe akabakiza maneno machache: Mimi ndiye mchumba wa Mathenge. Nataka tuonane.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. Njoo Mai Mahiu. Mkabala na pale malori yanapopaki. Ulizia hoteli ya Mama Cate.

Kumbe kwao wana hoteli, aliwaza Jepkemei, na hata hilo akalionea wivu. Jumanne alisuka nywele upya. Jumatano aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la kijani linalomkaa vizuri kuliko yote, akapaka midomo rangi, akateremka Mai Mahiu kama mtu anayekwenda mahakamani na ushahidi wote mkononi.

Hoteli ya Mama Cate ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza nne. Madereva wawili wa malori walikuwa wakimalizia sahani za githeri. Nyuma ya jiko alisimama mama wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani, akigeuza chapati. Jepkemei alimwamkia kwa heshima, kisha akamwambia kwamba anamtafuta Cate, na kwamba Cate anajua.

Yule mama alimtazama kutoka nywele hadi viatu, kisha akamtazama machoni kwa muda mrefu.

"Wewe ni mzuri kuliko kwenye picha," alisema. "Keti kwanza unywe chai, mami."

Jepkemei alisema hakujia chai. Alisema amwitie Cate tu, wamalize maneno yao, aende zake.

Mama Cate aliipua chapati, akapunguza moto, akafuta mikono kwenye aproni. Akaelekeza kidole ukutani, pale kibali cha biashara kilipotundikwa. Kando yake, ndani ya nailoni, palikuwa na picha iliyokatwa kwenye programu ya mazishi. Mwanya ule ule. Vishimo vile vile.

"Tulimzika Agosti," alisema. "Mwaka wa tatu sasa."

Jepkemei alikaa bila kuambiwa tena. Madereva walilipa wakaondoka, na yule mama akaja kuketi mbele yake na vikombe viwili, akamweleza polepole. Cate alifia kwenye ajali ya barabarani, na simu yake ilitolewa humo bila hata mkwaruzo. Mama yake alipoiwasha alikuta watu wamejaa kwenye ukurasa wa mtoto wake wakiandika lala salama, lala salama, na hakuweza kuyavumilia maneno hayo. Jirani alimwonyesha jinsi ya kuyafuta, akayafuta yote, moja baada ya jingine. Ukurasa ukabaki kama zamani. Baadaye akajifunza kuposti yale maua. Akiposti asubuhi watu wanaitikia Amina, basi anahisi kama mtoto ameamka naye.

"Na Mathenge?" Jepkemei aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mathenge huandika ndani, kwa inboksi. Mwaka wa kwanza ilikuwa kila siku. Sasa ni Jumapili tu."

"Anajua ni wewe unayesoma?"

"Anajua. Hajawahi kuuliza, na mimi sijawahi kumjibu. Nitamjibu kama nani? Nikijibu nitakuwa nadanganya kwa jina la mtoto wangu. Kwa hivyo naweka tu moyo kwa picha zake, ajue nimesoma."

Aibu ilimfunika Jepkemei. Alitaka kuomba msamaha, akafungua mdomo, lakini neno lililotoka halikuwa alilolipanga.

"Nionyeshe anachoandika."

Mama Cate alitikisa kichwa. Alisema zile barua si zake kugawa.

"Ananitaja?"

"Anakutaja."

"Anasemaje?"

"Muulize mwenyewe, mami."

Na pale pale, mbele ya picha ya marehemu, Jepkemei alijifahamu. Aibu ilikuwepo, huruma ilikuwepo, lakini ule wivu haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umeongezeka. Cate akiwa hai angeweza kumkabili, angemwona akikasirika, akizeeka, akikosea. Huyu wa ukutani hangekosea tena kamwe. Angebaki na miaka ishirini na minne na gauni la njano, na kila Jumapili angeandikiwa maneno ambayo Jepkemei hataruhusiwa kuyasoma.

"Mama, nina wivu naye," alisema, na machozi yakamtiririka. "Nimejua ameaga, na bado nina wivu. Sijui mimi ni mtu gani."

Mama Cate aliongea huku akitazama kikombe chake.

"Mimi nilikuwa na wivu na wewe kabla wewe hujaanza. Niliona ile picha yenu, mmesimama na wazee nyuma yenu. Nikasema, hapo ni mahali pa mtoto wangu, huyu amekaa. Nilikuchukia siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaweka moyo, nikazima simu, nikalia hadi chapati zikaungua."

Jepkemei alivuta kikombe, akainywa ile chai hadi ikaisha.

Alipomsindikiza mlangoni, Mama Cate alimpa nambari yake ya simu, ile yake mwenyewe. Alisema kuna jambo Mathenge aliliandika mwaka ule wa kwanza, na hilo ndilo limemfanya asiweze kukanyaga Mai Mahiu hadi leo. Alitaka litoke mdomoni mwa Mathenge mwenyewe. Akilitoa, Jepkemei amwambie kwamba njia ya kuja kwake haijafungwa.

Jepkemei hakurudi Njoro. Aliteremkia Naivasha, akasimama mahali basi la wafanyakazi wa Olkaria linaposhushia watu saa kumi na moja. Mathenge alishuka na kofia ya kazi mkononi na vumbi kwenye nyusi. Alipomwona alisimama katikati ya wenzake, wakampita kushoto na kulia.

"Nimetoka kwa Mama Cate," Jepkemei alimwambia.

Walikwenda wakaketi kwenye ukuta mfupi wa kanisa lililokuwa karibu. Mathenge aliizungusha ile kofia mikononi mwake muda mrefu. Jepkemei hakumharakisha. Alikuwa amekuja na maswali mengi, lakini alipouona uso ule aliuliza moja tu.

"Ulimwandikia nini ule mwaka wa kwanza?"

Mathenge alianza kuongea bila kumtazama. Cate alikuwa akifanya kazi Limuru wakati huo. Siku moja, Mathenge akiwa kazini Olkaria, aliona kwenye Facebook picha ya Cate kwenye harusi, amemkumbatia mwanamume, na chini yake ameandika Wangu wa moyoni. Hakungoja. Alimpigia, akamtukana, akamwita majina ambayo hata sasa hawezi kuyarudia. Cate alijaribu kueleza, akakatiwa. Alisema atakuja kesho waongee, kwa sababu mvua inanyesha na kule juu kwenye mteremko kuna ukungu.

"Nikamwambia ni leo au asije tena," Mathenge alisema. "Nilitaka aje anieleze ile picha mbele yangu. Akapanda gari. Lori lilikatika breki juu ya Mai Mahiu, likawagonga kwa nyuma."

Jepkemei aliichukua ile kofia mikononi mwake, akaiweka kando.

"Na yule mwanamume?"

"Mtoto wa mjomba wake. Tulibeba jeneza pamoja, mimi na yeye. Alinipa mkono akaniambia pole."

Aliyasema yaliyobaki haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangusha. Hakuweza kumwambia mtu yeyote. Alimwandikia Cate, akamweleza yote na kumwomba msamaha, akidhani anaandikia mahali pasipo na mtu. Kesho yake akaona ujumbe umesomwa. Alijua ni mama yake Cate. Alingoja apigiwe simu, alaaniwe, ashtakiwe. Siku tatu zikapita, kisha kwenye picha yake kikatokea kimoyo chekundu.

"Sasa utaniambiaje nimfungie, Jep? Na Jumapili uliponiuliza Cate ni nani, niliogopa. Niliona ni mimi nimekaa upande wako wa meza, nikidai nielezwe picha."

Jepkemei aliikumbuka safari yake ya asubuhi, nywele mpya, rangi ya midomo, maneno makali aliyokuwa ameyapanga. Yeye naye alikuwa ameona picha. Yeye naye hakungoja.

Mathenge alisema kama anataka, ataacha kuandika, tangu siku hiyo. Na kama anataka watu wake wasije Jumamosi, atawaambia yeye mwenyewe, wala hatamlaumu.

"Usimwachie yule mama kimya," Jepkemei alisema. "Lakini mpigie, muongee kama watu. Amesema njia haijafungwa."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ni Mathenge."

Alimbonyezea mwenyewe ile nambari aliyopewa mlangoni. Akamkabidhi simu, akasogea hatua chache. Alimsikia akisema, "Mama, ni mimi," kisha hakusikia tena maneno, ni kilio tu, kizito, cha mtu mzima aliyekibana miaka mitatu. Jepkemei hakuwahi kumwona akilia. Wivu ulimchoma pale pale, kwamba kilio hicho si chake, kwamba hata neno lile mama lilitoka kwa sauti ambayo Mathenge hakuwahi kuitumia nyumbani kwao Njoro. Aliuacha umchome. Hakuondoka.

Alipokuwa akingoja, Chepkosgei alipiga. Alitaka kujua yule mwanamke ni nani na kama baba ataambiwa au la. Jepkemei alimwambia kwamba atamwambia baba yeye mwenyewe kesho, tangu mwanzo hadi mwisho, na kama dada yake anataka kusikia aje awe pale. Chepkosgei alianza kuuliza zaidi. Jepkemei akamwambia kesho, akakata.

Mathenge alirudi akijifuta uso kwa mkono wa shati. Alisema wameitwa Mai Mahiu Ijumaa, wote wawili.

"Na Jumamosi?" aliuliza.

"Watu wako waje."

Alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Jepkemei alimsogezea nafasi kwenye ukuta, akangoja hadi akaketi.

"Sasa niambie alikuwa mtu wa namna gani," alisema.

"Utaumia, Jep."

"Nitaumia. Niambie tu."

Mathenge alianza kwa shida. Alisema Cate alikuwa na kicheko cha juu, hadi kanisani alikuwa akikemewa. Alisema alikuwa hajui kupika, na alikuwa mbishi, na alikuwa akimwita kwa jina la babu yake akitaka kumtania. Kila neno liliingia kwa Jepkemei na kumkwaruza mahali pake. Mathenge aliona, akanyamaza, akamshika mkono.

"Endelea," Jepkemei alimwambia.